Rangi ya Njano Chini ya Boneti

Shemeji yangu ni fundi umeme wa magari, na kwa miaka ishirini sijamsikia akisema hajui. Gari la mtu mwingine hulisikiliza kwa subira kama daktari. La kwake hulifokea.

Asubuhi hiyo lilikuwa linafokewa tangu saa kumi na mbili. Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye mkewe, alitakiwa awe hospitali saa mbili kamili akatolewe mtoto wa jicho, na aliyekosa zamu yake alirudishwa mwisho wa foleni, akangoje miezi minane mingine. Dada ni fundi cherehani. Macho yake yalikuwa yakififia mwaka wa tatu sasa, na uzi alikuwa anautunga kwa kubahatisha. Nilimwonea uchungu kuliko nilivyoweza kumwambia.

Ukiwasha taa za gari, zinawaka. Redio inaimba. Ukizungusha ufunguo, kila kitu kinazimika kwa pamoja: taa, redio, hata saa. Ukiliacha kidogo, umeme unarudi wenyewe bila maelezo. Mzungusha ufunguo nilikuwa mimi. Nilimpigia dereva wa teksi tunayemfahamu, akasema yuko mbali, angefika saa tatu.

Shemeji alipima betri kwa mita, akakuta ni nzima. Akaleta nyingine ya gereji, ikafanya yaleyale. Akakaza vichwa vya betri, akakagua fyuzi, akaigonga stata kwa spana. Nikamuuliza kama si ile kazi yake ya rangi, maana ugonjwa ulianza wiki ileile. Akanijibu kwamba rangi haina umeme.

Rangi yenyewe ina kisa chake. Siku moja sokoni dada aliingia kwenye gari la watu, akafunga mkanda, akamwambia mzee aliyekuwa kwenye usukani wapitie dukani kununua vifungo. Mzee wa watu akampeleka. Shemeji aliposikia hayo alilipaka gari njano ya kuumiza macho, ili mkewe alione hata katika ukungu ule wa macho yake. Alifungua nyaya, akapaka mpaka chini ya boneti, kisha akarudisha kila waya mahali pake. Majirani walicheka sana. Yeye alivimba kichwa.

Saa moja kasorobo dada alichoka kukaa garini. Akashuka, akapapasa mpaka kwenye injini, akaniambia nizungushe ufunguo tena na tena. Akashika kichwa cha betri, akaufuata waya mweusi kwa vidole kama anavyofuata mshono, mpaka pale ulipofungwa kwenye bodi kwa boliti.

"Baba watoto, huku panaunguza," alisema. "Kwingine kote baridi."

Shemeji akachukua spana. Akafungua boliti, na chini yake tukaiona rangi ya njano, imepakwa vizuri, tabaka mbili. Waya wa kurudisha umeme kwenye betri ulikuwa umekalia rangi, haukugusa chuma. Boliti peke yake ndiyo iliyokuwa inagusa, tena kidogo tu: umeme wa taa ulipita, wa kuzungusha stata ukashindwa.

"Nani alifunga hapa?" dada aliuliza.

"Kuna fundi mmoja," alisema shemeji.

Akaomba mkasi wa dada akwangulie rangi, akanyimwa. Akakwangua kwa kisu cha jikoni mpaka chuma kikang'aa, akarudisha waya, akakaza. Nikazungusha ufunguo na gari likawaka mara moja. Nililia, wala sioni aibu kusema. Tulifika hospitali zikiwa zimebaki dakika tano.

Kesho yake dada alifunguliwa bandeji ya jicho la kwanza, nikamshika mkono mpaka nje, ingawa hakuuhitaji tena. Shemeji alikuwa amesimama kando ya gari, shati limepigwa pasi, anangoja rangi isifiwe. Dada alilitazama gari kidogo tu. Kisha akamtazama mumewe, kwa muda mrefu, akamgusa nywele za juu ya sikio, ambazo zilikuwa nyeupe zote.

"Umezeeka hivi, na hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uone mwenyewe," alisema shemeji, akamfungulia mlango.