Jumamosi za Don Filemón

Mimi mpira siujui, na sina haja ya kuujua. Lakini ukiwa jirani wa Don Filemón, dirisha la jiko lake likitazamana na karo lako la kufulia, utaujua tu hata ukiziba masikio. Kila Jumamosi alasiri wachezaji wa Tezontle, timu ya mji wetu, walikuja kwake kupiga hesabu za mechi ya Jumapili. Kocha hakuwa. Ujanani alikuwa beki wao, goti likamharibikia, akabaki na kazi hiyo ya kuwakalisha vijana mezani na kuwamiminia kahawa ya mdalasini. Juu ya meza, maharage meusi ndiyo sisi, vizibo vya soda ndio wapinzani.

Mkewe Domitila tulishamzika. Binti yao yuko Chicago, anapiga simu sikukuu hadi sikukuu. Siku za katikati ya wiki mzee yule hakuwa na mtu wa kusema naye, labda kuku wangu wakiingia bustanini kwake. Nilimsikia akikohoa tu. Jumamosi nilimsikia akicheka. Ligi ikifungwa, alibaki na kikohozi chake miezi na miezi. Kwa hiyo mwaka huu tulipofika nusu fainali, mimi peke yangu nilijua anachoogopa: tukitolewa, hakuna wa kumgongea mlango tena mpaka msimu mwingine.

Na tulipangiwa Sungura wa Peña Blanca. Mkondo wa kwanza kule kwao tulitoka sare. Jumamosi ya kabla ya marudiano nilikuwa nafua mashuka, nikasikia yote.

"Hawa wasiwadanganye," Don Filemón alisema, akisogeza vizibo nyuma. "Watawaachia mpira mchezee mpaka mshibe. Mnapanda, mnapanda, mnajiona wanaume. Mkiupoteza tu, Kiberiti huyo, keshaondoka."

Kiberiti ni winga wao, kijana mwembamba mwenye nywele nyekundu. Mashambulizi yao yote ya kushtukiza yanapitia kwake.

"Nitamkaba mimi," akasema Nabor, nahodha wetu, fundi wa magari.

"Kwa tumbo hilo? Nabor, mwanangu, wewe unageuka, mwenzio yuko kwao anakunywa supu."

Wakaangua kicheko. Nabor naye akacheka, maana tumbo analijua mwenyewe.

"Sasa unataka tukae nyuma kama kuku wanaotaga, Don File?"

"Ndiyo, tageni. Kwenye msimamo wa ligi sisi tuko juu yao. Kesho tukitoka sare tena, tunapita sisi, kanuni iko wazi. Wao ndio wenye shida ya goli. Waacheni waje."

"Tutazomewa nyumbani kwetu."

"Wazomee. Nani amewahi kufa kwa kuzomewa?"

Nino, kipa, kijana mpole asiyependa makelele, akauliza kama kweli tuna nafasi. Mzee akalirudisha harage moja nyuma.

"Tukitulia, tunayo. Tukitaka sifa, hatuna." Kisha akaongeza, sauti ikiwa chini kidogo, "Mimi nataka mrudi hapa Jumamosi ijayo."

Wakadhani anasema habari ya fainali. Mimi nilikuwa na povu mpaka viwikoni, roho ikaniuma.

Jumapili uwanja ulijaa. Walitulia kipindi cha kwanza chote, na kweli walizomewa. Cha pili, mama yake Nabor, mwanamke mwenye sauti ya kuuzia samaki, akasimama akampigia kelele mwanawe: "Nimezaa beki au mlinzi wa benki?" Mji wetu mtu anavumilia mengi, si kuchekwa na mama yake hadharani. Tukapata kona, Nabor akapanda, akawavuta na wenzake wawili. Don Filemón alikuwa amesimama kando ya mstari, akavua kofia akaitupa uwanjani, "Rudi, we mpumbavu, rudi!" Kona ikaokolewa, mpira ukamfikia Kiberiti, mbele yake hakuna mtu ila Nino. Nino alitoka akajitupa miguuni pake. Sijui aliupataje ule mpira, lakini aliukumbatia kama mtoto wake. Sare. Tukapita.

Mzee alirudi akichechemea na kuimba. Alinigongea hapohapo, akaniagiza tamale, vile vikate vya mahindi vya kufunga kwenye majani, za timu nzima.

Jumatano Nabor akaja. Alisimama mlangoni, hakukaribia kiti.

"Don File, bosi wa timu anatupeleka kambini. Hoteli ya maji moto, kuanzia Ijumaa mpaka siku ya fainali. Kama timu kubwa vile."

"Vizuri sana. Mnastahili."

"Nilimuomba na wewe uje, lakini basi limejaa."

"Mimi na goti hili, maji moto ya nini?"

Maji moto ndiyo dawa ya goti, kila mtu anajua. Nilitaka kumrukia Nabor ukosi, lakini kosa si lake. Wala bosi si mtu mbaya. Ni mwenye kiwanda cha matofali aliyefurahi, basi, na watu wakifurahi hawahesabu nani kabaki nyuma.

Tamale hakuzifuta. Jumamosi nilimpelekea, akanishukuru, akafunga mlango. Nikarudi kwenye karo langu. Viti alivipanga vyote kuizunguka meza. Akakaa, akawa anasogeza harage, anasogeza kizibo.

Simu ikalia. Siku hizi hasikii vizuri, huifungua sauti yote, kwa hiyo nilimtambua Nino.

"Don File, bosi ametuonyesha video mpaka macho yanauma. Nimekukumbuka tu. Uko peke yako, mzee?"

"Peke yangu? Nyumba imejaa watu!" Akageukia vile viti. "Hebu punguzeni kelele nyie, naongea na kipa."

Jikoni kulikuwa kimya mpaka nikasikia maji yangu yakichuruzika. Nikaikamata ndoo ya bati nikaibamiza kwenye karo, nikacheka kwa sauti kubwa kadiri nilivyoweza, ili kule hotelini wasikie.