Katoni ya Mpiodi kwa Mvuvi

Stéphanie, binti wa kaka yangu Augustin ambaye ni mvuvi, amezaliwa pembeni ya maporomoko ya Kisangani, na samaki anayemjua vizuri ni yule wa kwenye kopo. Asubuhi sardini na mayonezi, mchana tambi za pakiti, jioni tambi zilezile. Ukimtwangia lituma ya ndizi, anakwambia, "Tantine, ile inanijaza tumbo gazi." Ukimwekea mbinzo, viwavi wetu wanono wa msituni, anapiga kelele utadhani wao ndio wanaotaka kumla yeye. Mdomo wake mrefu sawa na wangu, basi tunapendana kwa kutukanana.

Shida ilianza alipopata mchumba. Jeancy ni fundi wa simu kule mtaa wa Tshopo, mpole, suruali imembana hadi unamhurumia. Sasa kwetu kijana haji kwa baba wa binti mikono mitupu, na baba akikataa kula alicholetewa, bon, ndoa hakuna. Stéphanie alikuwa hali wala halali. Nikamshauri, "Mwambie alete mbuzi." Jeancy, mjanja wa mjini, akaja na katoni ya mpiodi, yule samaki wa baharini anayeuzwa amegandishwa.

Aka! Samaki wa katoni, kwa mvuvi! Mtu ambaye mababu zake wote walitega matenga kwenye maporomoko haya! Nilicheka mpaka kitenge kikanifunguka.

Kaka yangu hakucheka. "Kijana, unaniona mimi mutu gani? Mto iko hapa nyuma ya nyumba. Ondosha hiyo maiti yako."

Jeancy akainama kuibeba katoni yake. Ndipo Stéphanie akasimama mbele ya baba yake.

"Papa, ile samaki capitaine uliyotoa mutoni jana, ilienda wapi?"

"Niliuzisha kwa watu wa hoteli."

"Na ya juzi?"

"Hoteli. Alors?"

"Wakati niko mutoto, nilikuwa nakungoja mutoni na sahani yangu. Ulikuwa unauzisha samaki palepale, unaniletea kopo ya sardini. Leo munanicheka kila siku, eti sijue chakula ya kwetu. Nani alinifundisha?"

Kinyozi hajinyoi, nimeusema msemo huo maisha yangu yote bila kuutazama usoni. Niliona aibu, nasema kweli.

Augustin akakaa. Akamwita mke wake, "Chantal, kaanga ile samaki ya katoni."

Tulikula wote. Augustin alimaliza kipande cha kwanza amenuna, akanyoosha sahani aongezwe, na Jeancy akaanza kupumua tena. Kisha kaka yangu akanawa mikono taratibu na kumgeukia huyo fundi wa simu.

"Watoto wenu mutaniletea hapa," akasema. "Samaki yao sitauzisha."