Mtu Aliyeacha Kutaja Majina

Mzee aliyenifundisha kutumia kompyuta amefariki. Habari nilizipata Jumanne asubuhi, dukani kwangu hapa Magoudjou, mtaa wa Moroni, mkasi mkononi na kitambaa cha mteja kimetandazwa mezani. Aliyeniletea ni jirani yake, mama anayeuza ndizi karibu na mlango wangu. Hakunisalimia kama kawaida yake. Alisema tu, "Yule Fundi wako katangulia." Nilimaliza kukata kitambaa, maana mkasi ulikuwa umeshafika katikati na mteja alikuwa na haraka, kisha nikafunga duka nikaenda msibani. Kwetu Komoro fundi ni mwalimu, na yeye alifundisha hesabu kwa miaka mingi hata wanaume wenye mvi walikuwa wanasimama akipita. Msibani walimsifu kwa hesabu. Walimsifu kwa subira, kwa swala ya alfajiri, kwa kanzu yake safi. Nilikaa na wanawake wenzangu nikasikiliza mpaka mwisho, na hakuna aliyetaja lile jambo ambalo kwa ajili yake mimi nitamkumbuka. Huenda wamelisahau. Huenda pia waliliona la aibu kwake. Kwa hiyo nalisema hapa, na mnisamehe kama leo kalamu yangu inakwenda kwa uzito.

Wasomaji wa zamani wa safu hii mnajua kwamba mimi ni mzaliwa wa Mutsamudu, kisiwani Nzwani, na kwamba niliacha skuli darasa la sita. Baba na mama walifuatana ndani ya mwaka mmoja, nikabaki na wadogo watatu. Nilikuja Moroni kutafuta riziki, wao wakabaki kwa shangazi, na kila nilichopata kilivuka bahari. Yule wa mwisho, msichana, alisoma mpaka akawa mkunga katika kliniki ndogo ya mtaa wetu kule Mutsamudu. Siku alipoanza kazi nilijiona nimemaliza kazi yangu mimi. Haukupita muda kisiwa chetu kikagombana na Moroni, wakubwa wakaacha kusikilizana, meli zikawa za kubahatisha, umeme wa Mutsamudu ukawa wa saa mbili leo na kesho hakuna. Wanawake hawaahirishi kuzaa kwa sababu serikali mbili hazisemezani. Kliniki ilikosa glavu, ikakosa dripu, ikakosa hata taa.

Fundi naye alikuwa mtu wa Mutsamudu aliyehamia Moroni. Alikwishastaafu, na katika uzee wake alikuwa amependa kompyuta kama wengine wanavyopenda bao. Sisi watu wa Nzwani tuliokuwa hapa tulianzisha chama kidogo cha kuisaidia kliniki ile, watu kumi na moja tu, wengi wauzaji wa sokoni, na Fundi akasema tusiombe hapa Moroni peke yake, tuombe dunia nzima. Tukamcheka. Alikwenda kwenye duka la intaneti, akakaa wiki mbili mbele ya kompyuta moja iliyokuwa inazimika yenyewe kila baada ya muda, akatengeneza ukurasa wa chama chetu mtandaoni. Mimi alinikalisha kando yake nijifunze. "Wewe una kichwa," aliniambia, "darasa la sita ni jambo la jana." Nilikuwa nabonyeza kwa kidole kimoja, naye alikuwa ananingoja kama vile hana pa kwenda.

Ukurasa ulipofunguliwa, hakuna aliyetoa kitu. Wiki tatu kimya. Kisha ndugu mmoja wa Nzwani aliyekuwa anaishi Marseille akapiga simu, na Fundi akaiweka sauti juu ili sote tusikie. "Fundi, mimi kwenye anda nikitoa, jina langu linasomwa mbele ya watu. Mama yangu analisikia. Huko kwenu nitoe, kisha nini? Ukuta?" Anda ni ile ndoa yetu kuu ambayo mtu huitayarisha nusu ya umri wake, na ni kweli kwamba ndani yake kila mkono uliotoa hutajwa kwa sauti. Sisi ndivyo tulivyolelewa. Shukrani ya kimyakimya kwetu ni karibu sawa na tusi. Fundi akamwambia, "Umenifundisha." Siku ile ile akaanza kuandika majina ya watoaji, kila mmoja na jina la baba yake na la mtaa wake, na michango ikaja kama mvua. Ndipo akaniambia neno ambalo wakati ule nililiona la hekima sana. "Mtoaji tumemheshimu. Na mpokeaji je? Naye si mtu? Tumtaje."

Nami nilikuwa na picha. Mdogo wangu yule mkunga alikuwa ameniletea kwa mkono wa mfanyabiashara mmoja, picha ya kunionyesha mimi dada yake kwamba amenenepa: amesimama mlangoni mwa kliniki na koti lake jeupe, boksi za glavu miguuni, taa ya betri mkononi, anacheka. Niliitoa kwenye mkoba wangu nikampa Fundi. Hata hakuniuliza kama mwenyewe amekubali, na mimi sikuona kuna la kuuliza. Nilikuwa nimemlea. Nilikuwa nimemsemea kwa mwalimu, kwa daktari, kwa mchumba wa kwanza niliyemkataa. Nikadhani neno langu ni neno lake. Picha ikapanda, jina lake kamili likaandikwa chini yake, na mtaa, na kliniki, na shukrani kwa "ndugu zetu wa Moroni." Nilikwenda duka la intaneti mara nne kuitazama tu.

Mpaka leo sijui nani aliichapisha karatasini na nani aliipeleka. Ninachojua ni kwamba ile karatasi ilifika kituo cha askari Mutsamudu, na mdogo wangu akaitwa. Kwa waliokuwa wanatawala kule wakati ule, kitu chochote kutoka Moroni kilikuwa na mkia. Askari aliweka karatasi mezani akamuuliza, "Hawa wanaokupa taa, wewe unawapa nini?" Alipojibu kwamba anawapa watoto walio hai, waliona anawafanyia mzaha. Wakamfungia. Habari zilinifikia baada ya siku tatu. Nilimkuta Fundi uwanjani kwa wazee, na hapo nikaona kwamba yeye naye ana yake, maana mtu mmoja wa Moroni alikuwa amesimama mbele yake anamwambia, "Wewe unawalisha waasi, tena unajisifu mtandaoni!" Fundi alinitazama usoni, na kabla sijamaliza kusema akasimama. Nilimwambia nitakwenda mimi, ni damu yangu. "Wewe wakikuzuia, nyumba nne zinazokutegemea zinalala njaa," akasema. "Mimi wakinizuia watapata mzee na goti bovu. Nani atalitaka?"

Alipata chombo cha mizigo bandari ya zamani, akakaa juu ya magunia, akafika. Kisha akafanya jambo ambalo watu wengi hawakulielewa. Hakutafuta mkubwa wa kumwombea. Alikwenda kituoni, akakaa kwenye benchi la nje na mwavuli wake, na kila asubuhi kwa siku nne alimwambia sajini wa zamu, "Nimekuja kwa ajili ya karatasi yangu. Niliyeandika ni mimi. Yule binti hakujua." Sajini akamwambia, "Mzee, nenda nyumbani." Akajibu, "Nyumbani kwangu ni hapo nyuma ya msikiti, nilizaliwa hapo, lakini bado sijamaliza." Kumkamata waliona haya, kwa umri wake. Kumwachia binti hawakutaka. Wakaacha akae.

Aliyemtoa mdogo wangu si Fundi, na Fundi mwenyewe alikuwa wa kwanza kusema hivyo. Siku ya nne alifika bibi mmoja wa mtaani, amemshika mwanawe mwenye uchungu wa kuzaa, nyuma yao wanawake kama kumi. Akamkalisha mwanawe kwenye ngazi ya kituo. "Mkunga mnaye ninyi, basi tumekuja kwenu," akasema. Sajini akapiga kelele, "Bibi, hapa ni kituo, ondokeni!" Bibi akamwambia, "Tuondoke twende wapi na chupa imeshapasuka? Mwanangu atazaa hapa, na akiwa wa kiume nitampa jina lako, watu waulize vizuri kwa nini." Wanawake wakacheka, na wale askari vijana nao kicheko kikawashinda. Hazikupita dakika nyingi, mdogo wangu akatokea mlangoni, koti limekunjamana. Fundi akasimama kwenye lile benchi, akamwambia mbele ya wote, "Mwanangu, nilikutaja bila kukuomba. Nisamehe." Naye akamjibu huku anashuka ngazi, "Baadaye, Fundi! Shika mkono huu wa pili, tumbebe." Goti bovu na yote, akashika.

Mimi nilionana na mdogo wangu miezi baadaye, mambo yalipotulia na meli ziliporudi. Alikuja kunipokea bandarini Mutsamudu. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi njiani. Yeye alinibusu mkono, akachukua mfuko wangu, tukatembea mpaka karibu na nyumba ndipo akasema, "Dada, kwa nini hukuniuliza?" Nikasema nilidhani atafurahi. "Ulidhani bado nina miaka saba," akasema. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Kwa muda mrefu baada ya hapo aliniandikia barua za salamu tu, wazima ninyi, wazima sisi, na hakuniletea picha tena.

Fundi aliporudi Moroni aliifuta ile picha, akayafuta majina yote, ya wapokeaji na ya watoaji, kisha akaanza upya. Kila aliyetaka kutajwa alimpigia Fundi simu mwenyewe. Kila aliyepokea, Fundi alimtafuta akamwuliza, na aliyesema hapana, au aliyenyamaza, hakuonekana popote. Mnajua kilichotokea. Michango ikapungua, kwa sababu ukurasa usio na sura wala majina haupendezi kutazama. Wenzetu katika chama walimlaumu. "Fundi, watu wanatoa kwa machozi," mmoja alimwambia mbele yangu, "tuletee mtoto mmoja analia, tutapata jenereta." Akamjibu, "Mtoto huyo akiwa mkubwa, utamtazama usoni?" Jenereta hatukuipata. Tulipata taa, glavu, dripu kidogo kidogo, na chama kikaendelea hivyo, kinachechemea, mpaka wazee wakaanza kufa na vijana wakafungua vyama vyao kwenye simu.

Sasa hivi kwenye simu yangu kuna makundi sita ya misaada. Kila siku kuna picha: mgonjwa kitandani na mdomo wazi, yatima wamepangwa mstari wameshika viroba vya mchele, mjane anashukuru huku anajificha kwa kitambaa. Wanaozituma ni watu wema. Wengine ni watoto wa marafiki zangu, na najua wanachangisha kwa jasho, na kwamba simu imefanya kwa siku moja kazi ambayo sisi ilituchukua mwaka. Silaumu chombo. Niliwahi kuwauliza vijana wa kundi moja kama yule mjane aliombwa ruhusa, wakanijibu kwa upole, "Mama, yeye ndiye mwenye shida." Nimechoka kulijibu jibu hilo. Nililitumia mimi kabla yao, kwa ndugu yangu wa tumbo moja. Tunasema kutoa ni moyo. Kuhusu moyo wa yule anayepokea hatusemi kitu, kana kwamba siku aliyopungukiwa na chakula alipungukiwa na uso pia.

Baada ya mazishi nilimpigia mdogo wangu. Siku hizi ndiye mkunga mkubwa wa kliniki ile, ana wasichana watano chini yake. Nilimwambia Fundi amefariki, akamwombea. Kisha nikamwambia ninataka kuandika, na ndani yake yeye atakuwemo hata kama sitamtaja. Nikamuuliza kama ananiruhusu. Akasema, "Nipe siku mbili." Siku mbili nilikaa na karatasi tupu, mimi mwanamke mzima niliyemvisha viatu vyake vya kwanza. Siku ya tatu akapiga. Alikubali yote isipokuwa jambo moja lililotokea ndani ya kile kituo, na akanieleza kwa nini. Jambo hilo hamkulisoma hapa, wala hamtalisoma. Ndipo akacheka, akasema, "Leo umeuliza, dada."

Haya ndiyo niliyoyapata kwa mzee yule, na nimeyapata kwa kuchelewa. Mtu akiwa na njaa, nyumba yake bado ina mlango, na aliyebeba mchele naye hupiga hodi. Akiambiwa ngoja, angoje nje na mchele wake.