Mvule Uliokufa Umesimama

Mvule wetu uliuawa na moto wa ghala. Askari wa Wajerumani walipofika kijijini kwetu, mwendo wa asubuhi moja kutoka Ifakara kwa njia ya Mofu, walikusanya mikuki na mashoka, wakachoma nyumba na maghala ya mpunga, wakaondoka kabla jua halijawa kali. Ghala letu lilikuwa karibu na shina la mvule. Moto ukala gome na nyama ya mti upande mmoja mpaka ukachimba pango. Mvua zilipokuja miti mingine ilichipua, ule ukabaki mkavu, umeinama kidogo kuelekea mahali tulipomjengea upya mama mkwe wangu kibanda.

Yeye ndiye aliyeng'ang'ania pale. Tulimwomba tujenge mbali na mti, akakataa. "Nijengeeni palepale nilipolala siku zote," alisema. Miguu yake ilikuwa imevimba, hawezi kutembea ila kujikokota, na hakuna aliyetaka kumbishia mtu wa hali ile.

Mume wangu angeweza kumshawishi, lakini hakuwepo. Alinyunyiziwa maji ya dawa, akaenda na wenzake kulishambulia boma la Mahenge, na hakurudi. Aliyerudi ni mdogo wake, bega la kulia limevunjwa na risasi. Shemeji huyu alikuwa mchonga mitumbwi. Watu walitoka mbali kuja kumwomba awachongee. Sasa mkono wake ulining'inia tu, na kikombe cha maji alikishika kwa mkono wa kushoto.

Kisha njaa. Tulikula mizizi ya porini, tulichemsha majani ambayo zamani tulikuwa tukiyapita. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuunganisha maneno mawili. Alikufa masika ile. Tulimzika mimi na jirani yangu, mjane kama mimi, kwa sababu wanaume wa kuchimba kaburi hawakuwepo.

Kiangazi kilipofika mto ulipungua na samaki wakapatikana. Kambale na kitoga tuliwavua kwa migono mabwawani. Lakini samaki mbichi hafiki mbali. Ili kumpeleka milimani kwa watu waliokuwa bado na nafaka, lazima umbanike juu ya uchaga siku mbili, tatu, moto usizimike, na moto huo unataka kuni nyingi. Kuni za karibu zilikuwa zimekwisha. Wanawake wawili walifuata kuni msituni mwezi uleule, na simba akawachukua wote wawili, kila mmoja kwa siku yake.

Jioni ya yule wa pili nilikaa mlangoni nikautazama mvule. Wiki ile tawi moja lilikuwa limeanguka hatua tatu kutoka kwa mama mkwe. Nikaona wazi kwamba kuni tunazozifia msituni zimesimama juu ya vichwa vyetu, zikingoja kutuua zenyewe.

Asubuhi nilimwambia shemeji, "Nataka kuuangusha."

Kwetu mwanamke aliokota kuni na kuchanja matawi. Kuangusha mti mkubwa ilikuwa kazi ya wanaume.

"Shemeji, mti uliokufa ni mbaya kuliko mti mzima," alisema. "Mzima unakuambia unapokwenda. Huu una pango ndani. Unaweza kukatika wakati wowote."

"Basi nifundishe kabla haujakatika wenyewe."

Aliinuka, akaenda kwenye shina, akaanza kuligonga kwa jiwe huku ameweka sikio. Nikajua amekubali.

Shoka nililiokota katika majivu ya nyumba yangu, halina mpini, na moto ulikuwa umekilegeza chuma chake. Jirani alikuwa na jingine, alilolificha ndani ya bwawa siku ya askari. Tulichonga mpini, tukanoa juu ya jiwe la mtoni. Shoka langu liliisha makali kila baada ya mapigo machache. Nilikata kidogo, nikanoa, nikakata tena.

Shemeji alipiga mstari kwa mkaa kuzunguka shina. "Umeinamia kibanda. Kuurudisha nyuma hatuwezi. Tutaupeleka pembeni, kwenye shamba la zamani. Fungua mdomo wa mkato upande huu wa shamba. Kisha utakata upande wa pili, lakini kipande hiki cha katikati usikiguse kabisa. Hicho ndicho kinachoushika mti mkono mpaka ulale." Alituonyesha pia njia ya kukimbilia, akatufanya tuifyeke na kung'oa visiki vyote. "Ukisikia unalia, tupa shoka. Usitazame juu. Kimbia."

Tulikata siku tatu, mimi na jirani kwa zamu. Mvule mkavu ni mgumu. Viganja vilitoka malengelenge, yakapasuka, nikavifunga kwa gome lililopondwa. Wanawake wengine wanne walisokota kamba za gome la myombo, tukazifunga juu kwenye tawi imara ili wavute kuelekea shambani. Watu waliopita walicheka. Mzee mmoja alisema tumerogwa. Niliendelea kukata.

Siku ya nne tulimtoa mama mkwe, tukamkalisha kwenye mkeka mbali, nyuma ya kichuguu. Alilalamika tangu tulipombeba mpaka tulipomweka chini. Nilianza mkato wa nyuma. Jua lilipopanda, mti ulitoa sauti, kama mlango mzito unaofunguliwa. Nilitupa shoka, nikakimbia. Kwenye kichuguu nikakuta mkeka mtupu.

Alama za kujikokota kwake zilielekea kibandani.

Jirani alinipigia kelele nisiende. Shemeji aliwaambia wenye kamba, "Vuteni! Vuteni msiache!" Niliingia kibandani nikamkuta mama mkwe amelala kifudifudi, anachimba sakafu kwa kigae.

"Mama, mti unaanguka!"

"Niache. Nimekwisha kukifikia."

Nilimshika kiunoni nikavuta. Alikuwa amekumbatia shingo ya chungu kilichozikwa ardhini, naye hakuachia. Kwa hiyo nilivuta vyote viwili, yeye na chungu, na sijui nguvu ile ilitoka wapi katika mwili uliokula mizizi mwaka mzima. Tulitoka mlangoni tukiwa tumeanguka. Mti ukalia mara ya pili, kwa sauti ndefu zaidi, ukajizungusha juu ya kile kipande cha katikati, ukalala shambani. Lakini tawi moja kubwa lilikatika hewani likashuka juu ya kibanda, likakibonyeza mpaka chini.

Vumbi lilipotulia, shemeji alikuja mbio, akamkagua mama yake, akanikagua mimi. Kisha sote tukatazama chungu. Mdomo wake ulizibwa kwa udongo. Jirani aliubandua. Ndani mlikuwa na mpunga uliochanganywa na majivu, umejaa mpaka juu.

"Umekizika lini?" nilimwuliza.

"Kabla ya askari."

"Kabla mwanangu hajafa."

Alinitazama usoni. "Kabla."

Kisha mama mkwe akasema, "Ningeutoa, tungekula siku kumi. Siku ya kumi na moja ungemzika vilevile, na bonde hili lisingekuwa na mbegu."

"Mbona hukuupanda msimu uliopita?"

"Nani angeulinda? Nguruwe walikuwa wengi kuliko watu, na askari walikuwa bado wanapita."

Niliokota shoka nikaenda kwenye mvule uliolala, nikaanza kukata matawi. Nilikata mpaka damu ikapita katika vile vitambaa vya gome. Nilikuwa nikilia, lakini sikuacha. Shemeji alikuja akakaa karibu, hakunizuia, alinielekeza tu mahali pa kupiga kabari ili gogo lipasuke kwa kufuata uzi wake. "Hapa," alisema. "Sasa hapa."

Tulichanja kuni za mvule ule karibu mwezi mzima. Matawi membamba yaliwasha, magogo yaliyopasuliwa yalishika moto polepole na kutunza kaa mpaka asubuhi. Hakuna mwanamke wa kijiji chetu aliyeingia msituni kutafuta kuni kiangazi kile. Tulibanika samaki, tukawapanga katika matenga, tukapanda milima ya Mahenge mimi, jirani na wale wanne. Tulirudi na mtama na mahindi. Tuliyala hayo, na chungu hakikuguswa.

Mvua za kwanza ziliponyesha tulipanda. Mama mkwe alikataa kubaki nyumbani. Tulimkalisha kwenye mkeka kando ya shamba, akawa anachagua mbegu na kuzitia katika kibuyu. Tangu siku ya mti nilimpikia, nilimwogesha, nilimjengea kibanda kingine, lakini nilimwambia tu maneno ya kazi. Asubuhi ile pia tulifanya kazi kimya. Jua lilipofika utosini aliniita.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Angekuwa anakimbiza ndege sasa."

Nilikaa naye kwenye mkeka. Tulilia pamoja kwa mara ya kwanza, sauti ikatoka kweli, hata jirani akaacha jembe. Kisha akanipa kibuyu, nami nikarudi kwenye mstari wangu.

Tulilinda shamba lile kwa zamu, kwa moto na kelele. Tulipovuna, kila nyumba kati ya zile zilizovuta kamba ilipata mbegu ya msimu uliofuata.