Daktari wa Pasi na Nguo Zisizorudi

Kwa nusu saa nzima mwandishi wa makala haya anakaa kwenye karakana ya ushonaji akimsubiri mtafiti, asitambue kwamba mtafiti mwenyewe ndiye yule mwanamke aliyempa kiti, akamwomba radhi kwa joto la mle ndani, kisha akarudi mezani kwake kupiga pasi kola za sare za shule.

"Unamtafuta daktari?" anauliza mkata vitambaa, jamaa mnene mwenye futi shingoni, baada ya kuchoka kumwona mgeni akikodolea macho mlango. "Si huyo hapo, kwenye mvuke."

Karakana nzima inaangua kicheko.

Mafundi humwita Daktari wa Pasi. Shahada ya uzamivu hajaipata bado, ila jina limetangulia, na wateja wawili watatu wameshamwomba dawa ya kikohozi. Asubuhi hupiga pasi. Alasiri huwa mwanafunzi wa chuo kikuu, akitafiti namna biashara ndogo zinavyopima na kusimamia utendaji wake. Nusu ya mshahara huishia kwenye ada. Mumewe, fundi umeme, imembidi ajifunze kupika. "Chumvi bado anaikadiria," anasema mkewe, "lakini ugomvi umepungua."

Utafiti huo nusura ufe kwa neno moja.

Mwaka jana msimamizi wake chuoni alimweleza bila kumung'unya maneno kwamba asipoleta takwimu za biashara halisi kabla ya muhula kwisha, itambidi abadili mada na kuanza upya. Mwenye karakana alimruhusu afanyie utafiti hapo, kwa sharti kwamba mafundi waridhie wenyewe. Naye, kwa furaha, akasimama katikati ya vyerehani akatangaza kuwa Jumatatu ataanza kuwapima wote.

Kwa fundi nguo, kupima kuna maana moja tu. Jumatatu wanaume walifika wamenyoa ndevu. Mshonaji mkongwe, ambaye wote humwita Shangazi, alivaa viatu vyake vya harusini. Mkata vitambaa alibana tumbo tangu mlangoni. Watu wanaowashonea wengine kutwa kucha waliamini kwamba hatimaye nao wangeshonewa makoti ya kazi.

Ndipo Daktari akatoa jedwali la kuhesabu nguo ambazo kila mmoja hushona kwa siku. Tumbo likaachiwa.

"Nilimwambia, mwanangu, viatu hivi vinanibana kwa ajili yako," anakumbuka Shangazi. "Halafu unanihesabia nguo kama askari jela?"

Wiki hiyo uzi ulikatika hovyo, sindano zikapotea, na kila aliposogea na jedwali lake, fundi ndiyo kwanza alikuwa anakwenda kunywa maji. Hakuna aliyemtukana. Walimwamkia kwa heshima iliyopita kiasi, na hiyo ndiyo iliyomkata maini.

"Ningeweza kumwendea mwenye karakana awalazimishe," anasema, akinyunyizia kola maji. "Lakini hawa ndio ninaokula nao mchana. Ningepata shahada nikakosa pa kukaa."

Basi jedwali akaliacha nyumbani. Akamwomba mwenye karakana jora la kitambaa lililobaki baada ya mteja kughairi, akachukua futi, akamwambia Shangazi anyanyue mikono. Safari hii alikuwa anapima kweli.

Mtu aliyenyanyua mikono, cherehani yake imezimwa, huwa mwepesi kuzungumza. Daktari alimuuliza kila mmoja ni siku gani hurudi nyumbani ameridhika na kazi yake. Walijibu kila mtu kwa mtindo wake, lakini hakuna aliyetaja wingi wa nguo. Mkata vitambaa alisema suruali ikirudishwa, hata chakula hakimpiti kooni.

"Mteja akirudi na kitambaa kipya, karibu sana," Shangazi alimwambia. "Akirudi na gauni lilelile, natamani niingie chini ya cherehani."

Wakati mafundi wakishona makoti yao, Daktari alichora jedwali jingine, la nguo zinazorudishwa na sababu zake. Hilo walilijaza wenyewe, kwa utani mwingi. Muda si muda ikabainika kwamba nyingi zilirudi kwa sababu ya zipu, na kwamba hakuna fundi wa kulaumiwa: zipu zenyewe zilikuwa dhaifu. Mwenye karakana akabadilisha muuzaji. Msimamizi chuoni akazisoma takwimu hizo, akairuhusu tasnifu iendelee.

Mwezi ujao Daktari anakwenda kuitetea. Akifaulu, anataka kufungua darasa la jioni kwa wenye biashara ndogo, na somo la kwanza, anasema, litakuwa kuchunga lugha.

Mafundi hawana shaka kwamba atafaulu. Wameshaanza kumshonea joho. Shangazi amepiga magoti sakafuni, pini mdomoni, akisawazisha upindo.

"Ukilirudisha kwa marekebisho, mwanangu, tunaliandika ubaoni."

"Nitalivaa hivyohivyo, Shangazi, hata likiburuza."

Ubao wenyewe umetundikwa mlangoni. Zamani ulionyesha jumla ya nguo zilizoshonwa na karakana nzima. Sasa unaonyesha zilizorudi. Wiki hii zimerudi mbili, na hakuna iliyorudi kwa zipu.