Senene Juu ya Sanduku la Picha

Kwanza naomba radhi. Mwandiko wangu umelala kama migomba iliyopigwa na upepo, na tahajia yangu ni ya mtu aliyeishia darasa la saba. Naandika polepole sana. Ukurasa mmoja unanichukua muda wa kumenya na kuivisha ndizi za watu wengi. Atakayekuta herufi imekosekana aiweke mwenyewe, asinicheke. Na kama unasoma huku unakula, weka sahani pembeni kwanza.

Ninakaa Ijuganyondo, Bukoba, kwa mama mdogo. Yeye ni mdogo wake marehemu mama yangu, na alinichukua mama alipofariki, kabla sijaanza shule. Mtoto wake wa kwanza, ambaye mimi namwita kaka, anafanya kazi Mwanza. Ndiye aliyetuletea sanduku.

Ni jeusi, linalingana na matofali mawili yaliyobebana. Ndani lina diski mbili, na mgongoni lina feni ndogo inayozunguka mchana na usiku. Kaka alilifunga kwa waya kwenye kile kidude cha waifai, akaingiza humo picha zote za ukoo: ubatizo, kipaimara, harusi, misiba. Ukiwa nyumbani unazifungua kwenye televisheni au kwenye simu, na yeye akiwa Mwanza anazifungua vilevile.

Humo ndani alikuwemo mama yangu. Siyo picha ya kusimama tu kama ile iliyo ukutani. Ni filamu ya harusi ya mama mdogo, iliyochukuliwa kwa babu, Muleba, zamani. Mkanda wenyewe ulikuwa umeota ukungu. Fundi wa Mwanza alifanikiwa kuuhamisha mara moja, halafu ukakatika, akautupa. Kwa hiyo filamu ilibaki ndani ya sanduku letu peke yake. Katikati ya filamu mpiga picha anaingia jikoni, kwenye kibanda cha migomba, na mama anageuka akiwa na kisu mkononi, anasema, “Wewe na dude lako! Utashiba picha? Njoo umenye ndizi!” Kisha anacheka. Anacheka mpaka anashika nguzo asianguke. Sina mahali pengine popote ambapo mama yangu ana sauti. Nilikuwa naona haya kuomba filamu hiyo mbele ya watu, hivyo nilisubiri wote waende kanisani au shambani, ndipo nikaifungua.

Kabla ya kurudi Mwanza kaka alituweka chini, mama mdogo na mimi, akasema, “Hili linapumua. Linavuta hewa mbele, linaitoa nyuma ikiwa ya moto. Msilifunike, msilifungie, msiweke kitu juu yake. Likichemka diski zinakufa, na diski ikifa haina mganga.”

“Tumesikia, baba,” mama mdogo akamjibu.

Gari la kaka lilipokata kona, mama mdogo alilibeba sanduku, akaliingiza kwenye kabati la vioo, kati ya glasi za harusi na sanamu ya Bikira Maria, akalifunika kitambaa cheupe alichofuma mwenyewe, akafunga mlango wa kioo. Kwetu kitu kilicho uchi sebuleni ni kama mgeni aliyeachwa amesimama. Televisheni ina kitambaa chake, redio ina chake, viti vina vyao, hata chupa ya chai ina chake.

Nikajikaza. “Mama, kaka alisema lisifunikwe.”

“Alisema blanketi. Hiki ni kitambaa, kina matundu, hewa inapita. Au unaionea aibu kazi ya mikono yangu?”

Alipokwenda shambani nilikiondoa, na aliporudi alikirudisha. Tulivutana hivyo kwa muda mrefu kama watu wawili wanaovuta shuka moja.

Siku moja kaka akapiga simu. “Huko mnapika nini? Sanduku linaniandikia kila mara kwamba linaungua.”

Mama mdogo akaninyang’anya simu. “Joto? Bukoba hii? Mvua haijakatika tangu asubuhi, mimi nimevaa sweta na soksi, wewe unaniletea habari za joto!”

Baadaye kaka alinipigia mimi, akanielekeza taratibu. Nikafungua mlango wa kabati na kuuzuia kwa kibanzi cha kuni usijifunge. Nikaweka vizibo vya soda chini ya pembe za sanduku ili hewa ipite chini yake. Nikaligeuza, mgongo ukatazama sebuleni, ili joto litoke nje badala ya kuzunguka humo kabatini. Nikapangusa vumbi kwa brashi ya rangi. Kaka alitazama kwenye simu yake akasema joto limeshuka, sasa sanduku linapumua vizuri. Nilifurahi. Kitambaa tu ndicho sikukiweza, lakini mama mdogo alikubali kukikunja kwa nyuma kidogo, “kama nywele za mwanafunzi,” alisema, feni isizibwe.

Ila kwa kuligeuza, upepo wa moto ulianza kumpiga mama mdogo magotini alipokaa kwenye kiti chake. Akaweka mkono nyuma ya sanduku. Akatabasamu. Kesho yake nikakuta soksi zake zimening’inia pale. Kisha leso. Kisha kile kitambaa cha kupangusia meza, ambacho hakikuwahi kukauka vizuri tangu masika yaanze, na harufu yake ilikuwa ya maji ya vyombo yaliyolala.

Halafu senene, wale panzi wa kuliwa, wakaanguka.

Asiye wa kwetu hajui maana yake. Senene wanapoanguka, hata mgonjwa anaamka. Watu wanakamata, wananyofoa mabawa na miguu, wanachemsha kwa chumvi, wanakaanga, wanakausha ili wawapelekee ndugu walio mbali. Taabu yake ni kwamba senene huja na mvua, na mvua ikiwepo jua la kuwakaushia halipo. Mtu anawageuza kwenye ungo siku nzima na bado wanabaki na unyevu, wanaota ukungu wa kijani.

Wakati huohuo mama mkubwa, dada mkubwa wa mama yangu na mama mdogo, alikuja kutoka Muleba. Alikuja kwa sababu moja: hakuwa ameiona ile filamu. Alitaka kumwona mdogo wake akicheka. Na kwa kuwa mtu haji mikono mitupu, alikuja na ndoo ya senene.

Mama mdogo akamwonyesha sanduku kabla hata ya kumpa maji. “Dada, weka mkono hapa.”

“Mawe!” mama mkubwa akashangaa kwa Kihaya. “Linapuliza kama mgonjwa wa homa.”

“Linakausha kuliko jua. Hawa wa kumpelekea kijana wangu Mwanza tutawaweka hapa.”

Nilikuwa nimesimama mlangoni na ungo mkononi. Nikasema, kwa ile sauti yangu isiyofika mbali, kwamba kaka alikataza kuweka kitu juu.

“Si ndiye atakayewala?” mama mkubwa akasema. “Mtu anakataza chakula chake?”

Wakacheka wote wawili. Wakaweka sinia juu ya sanduku, wakamwaga senene, na ili joto lisipotee wakaondoa kile kibanzi changu, wakafunga mlango wa kabati.

Sijui nianzie wapi kueleza harufu. Senene akikaangwa ananukia, sikatai, nimemla tangu utotoni. Lakini senene anayepashwa polepole siku baada ya siku juu ya plastiki ya moto ana harufu nyingine. Ni mafuta yaliyochacha, ni kwapa, ni waya unaotaka kuungua. Sebule nzima ilinuka hivyo. Mapazia yalinuka. Nilipovaa gauni langu la kanisani lilinuka. Wageni waliingia, wakavuta pumzi ndefu, wakasema, “Eh, nyumba hii ina neema!” Mimi nilitoka nje nikameza mate.

Na mende wakasikia habari. Walitoka jikoni, walitoka chooni, wakahamia kabatini. Ukiwasha taa wanaingia kwenye matundu ya sanduku mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kama watu wanaorudi kwao. Feni ilianza kukoroma. Siku ya pili ikawa inapiga kelele ya kusaga, na kaka alikuwa safarini, simu yake haipatikani.

Jumapili baada ya misa mama mkubwa akajipaka mafuta, akakaa mbele ya televisheni, akasema, “Haya, nileteeni mdogo wangu.”

Nikafungua. Kioo kikazungusha kile kiduara chake, kikazungusha tu. Sanduku likalia mlio mwembamba, likawasha taa nyekundu, likanyamaza. Feni ikanyamaza. Nililigusa nikauondoa mkono haraka.

Nikachomoa waya. Jioni kaka akapatikana. Alipaza sauti hata wale waliokaa mbali na simu wakasikia, kisha akatulia, akaniambia nisubiri lipoe kabisa, halafu nifungue skrubu nne za nyuma, na nimweleze ninachokiona.

Nilichokiona ni hiki. Feni ilikuwa haionekani. Mahali pake palikuwa na uji mzito wa kahawia, mafuta na vumbi, uliochomekwa mabawa na vijiguu vyenye miiba. Chini ya uji mende walikuwa wameweka mayai yao, vile vibegi vidogo vinavyong’aa, vimepangwa kwenye pembe kama maharage. Waliokufa walikuwa wamekauka, walio hai walinipanda mkononi mpaka kwenye kiwiko. Mavi yao yalikuwa yamejaa kwenye kila kijitundu. Na nyuma ya hayo yote, diski mbili zikiwa na mama yangu ndani yake.

Nilitapika, nikanawa, nikarudi. Nilitumia mswaki wa zamani, spiriti na njiti za pamba. Mama mdogo na mama mkubwa walivuta viti wakatazama.

“Tazama anavyokunja pua,” mama mkubwa akasema. “Mhaya gani wewe unayeogopa senene? Nani atakuoa?”

“Mwache, waitu, dada yangu. Huyu moyo wake mwepesi,” mama mdogo akasema.

Mswaki ukamtoa senene mmoja mzima aliyekuwa amedondoka ndani. Alianguka juu ya gazeti, mweusi kidogo mgongoni, unywele umemnasa. Mama mkubwa akainama, akamwokota, akampuliza, akamtia mdomoni.

“Ameiva,” akasema, akitafuna.

Nilimtazama akitafuna na sikuona mama mkubwa. Niliona taya tu. Tangu siku hiyo sili senene, na kwetu hilo si jambo dogo.

Nilipomaliza, nililiwasha. Diski moja ilikuwa imekufa kabisa. Ya pili ilizunguka. Kaka alisema zote mbili zilikuwa zimebeba kitu kilekile, kwa hiyo nisikate tamaa. Tukafungua filamu. Jikoni kwa babu kukatokea, moshi ukatokea, mama akageuka na kisu mkononi, akasema, “Wewe na dude lako! Utashiba picha? Njoo…” na picha ikavunjika vipande vya kijani na waridi, sauti ikakwaruza, na ilipotulia tulikuwa tayari kanisani, watu wamepiga magoti.

Nikarudisha nyuma. Ikavunjika palepale. Nikarudisha tena.

“Ndiyo hiyo tu?” mama mkubwa akauliza. “Mbona hajacheka?”

Mama mdogo aliinuka, akaondoa sinia, akaenda kusimama jikoni bila kufanya kitu. Mama mkubwa akavuta khanga, akajifuta mdomo, kisha macho.

Nikalibeba sanduku kupeleka chumbani kwangu. Mama mdogo alinikuta kwenye korido, ana kitambaa kingine mkononi, kipya, cha bluu.

“Hapana, Mama,” nikasema. Sikumbuki kama niliwahi kumwambia hivyo kabla.

Akakikunja kile kitambaa. “Haya. Lala nalo wewe na mende wako.”

Sasa liko juu ya stuli, karibu na dirisha lenye wavu, halina kitu juu wala pembeni. Kila Jumamosi nalichomoa nalipangusa. Kaka alileta feni mpya na diski mpya, na joto halipandi tena. Lakini kila linapopuliza, harufu ile bado imo, kidogo. Maneno ya mama ninayo kichwani yote. Kicheko ndicho kisichokaa kichwani. Kila nikijaribu kukisikia nasikia taya.

Wasomaji, mafundi wa video walichukua filamu za harusi nyingi za Muleba miaka ile, na mikanda ilinakiliwa kwa ndugu na majirani. Kama kwenu kuna mkanda wa harusi ambao mwanamke mwenye kisu anamfukuza mpiga picha jikoni kisha anashika nguzo, tafadhali mniandikie kupitia waliowafikishia maandishi haya. Msiucheze, msiufute vumbi. Niandikieni tu kwamba upo. Na anayejua dawa ya mende isiyodhuru mashine, naye aniandikie. Hata kwa mwandiko mbaya, nitausoma.