Sindano Iliyokwenda Kando

Harufu ile naijua. Miaka mingi nimeosha maiti za wanawake hapa Mgogoni, na sijapata kuziba pua mbele ya maiti yeyote, maana maiti hana pa kujificha. Lakini siku niliyomwosha dada yangu wa tumbo moja, nilitamani kuiziba. Jino lilimvimba, akasema litapoa lenyewe. Uvimbe ukateremka shingoni, akashindwa kumeza, kisha akashindwa kuvuta pumzi. Kinywa chake kilinuka kama dagaa waliosahauliwa ndooni. Basi mwaka jana, msimu wa karafuu, nilipoamka nikainusa harufu ile ile ikitoka kinywani mwangu mwenyewe, sikungoja kuambiwa na mtu.

Lilikuwa gego la chini, upande wa kushoto, limetoboka hadi ndani. Nilikuwa nikilitibu kama tulivyolelewa: naponda karafuu, natia tone la mafuta ya makonyo, vile vikonyo vyake, nashindilia tunduni. Kinywa kinakufa ganzi, nafanya kazi zangu. Mtu wa Pemba hatafuti duka la dawa na huku jamvi limejaa karafuu uani kwake. Asubuhi ile ya kwenda hospitali nilijipaka zaidi, ufizi wote, ndani na nje, nisije nikapiga mayowe njiani.

Binti yangu alinisindikiza. Daktari wa meno alikuwa kijana wa kijiji cha Wambaa, mwana wa watu, ana adabu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nitoe jino nirudi. Nimeacha karafuu juani."

Alinibonyeza chini ya taya, uso ukambadilika. "Bibi, usaha huu umeshaanza kushuka. Hili halingoji kesho."

"Ndiyo maana nimekuja leo."

Akaniambia wana wageni wa utafiti. Jino la chini, alisema, sindano yake ni ya kubahatisha, kwa sababu mshipa wa fahamu umejificha nyuma ya mfupa na daktari haoni anapochoma. Wageni wamekuja na mashine ya kuangalia ndani ya taya, waone dawa ya ganzi inapita wapi na inaishia wapi. Nikikubali, watanitazama na mimi.

Mashine ikasukumwa ndani na daktari wa kike, mmoja wa wageni wale. Alipofungua mdomo tu nilijua ni Muunguja. Binti yangu akaiona, akaangua kicheko.

"Mama! Si ile ya kutazamia mimba!"

"Mimba itoke wapi, na babako yuko kaburini? Nyamaza."

Yule mwanamke akatoa kijiti chenye kichwa kilichopinda, mfano wa mswaki. Akakipaka ute wa baridi, mzito kama kamasi za mtoto. Kisha akapasua pakiti, akatoa mpira, akaanza kukivisha. Mpira ule naujua. Ndio wanaogawiwa vijana kule kliniki.

"Kitoe hicho!"

"Bibi, ni kinga tu, mate yasiingie kwenye mashine."

"Na mashine yenyewe imeshaingia wapi kabla ya kuja kinywani mwangu?"

Uso ukamwiva kwa haya. "Hii ni ya kinywa peke yake, bibi. Wallahi."

"Usiniapie. Sijakuuliza kiapo."

Nikakataa kabisa. Nikasema nichomwe kama wanavyochomwa watu wote. Wakanong'onezana, wakakubaliana: kijana wa Wambaa atachoma kwa mkono alivyozoea, na Muunguja ataweka kifaa kingine nje, shavuni, atazame tu. Nikakubali, kwa shingo upande. Ute ule ukanichuruzika shavuni hadi shingoni, ukaingia ndani ya buibui. Nilihisi kama nimelambwa na ng'ombe.

Kijana akanipachika pamba ufizini, sindano ikaingia. Muunguja akakazia macho kioo cha mashine yake.

"Daktari, dawa imekwenda kando. Imebaki mbali na mshipa. Bora turudie."

Kijana akanidonoa ufizi kwa chuma. "Bibi, unasikia maumivu?"

"Sisikii kitu," nikamjibu, na ndiyo ilikuwa kweli yangu.

"Umemsikia mwenyewe?" akamwambia mwenzake, anacheka. "Kioo kinasema lake, mgonjwa anasema lake. Mie namfuata mgonjwa."

Akashika koleo, akalibana jino, akalitikisa.

Nimezaa watoto sita. Sitaki kuyasema maumivu yale. Nilifunga kinywa, na kidole chake kilikuwa ndani. Alipiga ukelele kunishinda mimi. Hapo hapo kitu kikapasuka chini ya jino, kikamwagika ulimini: chumvi, uchungu, uozo, umechanganyika na ladha ya mpira wa glavu. Nikateremka kitini, nikatoka nje mbio kwa umri wangu huu, nikatapika kwenye mfereji mbele ya watu wazima na heshima zao. Nilichokitapika kilikuwa na rangi ya majani mabichi. Hata kunguru aliyekuwa karibu alisogea.

Binti yangu akanishika mabega. "Rudi ndani, mama."

"Sirudi. Wachinjaji wale."

"Jino bado limo."

"Na libaki."

Akaniachia mabega. Hakucheka tena. "Sawa. Lakini uniambie kabisa nani atakuosha, maana mie sitoweza. Dada'ko nilimwona alivyokata roho, nilikuwa nimemshika mkono. Mara ya pili siwezi, mama. Tafuta mtu mwengine."

Nilijifuta kwa ncha ya kanga, na kanga ikaninukia maiti.

Tukiwa pale pale, Muunguja akatoka, ameshika pamba kwa kibanio. Kijana wa Wambaa yuko nyuma yake, anapuliza kidole.

"Bibi, samahani. Pamba hii imetoka kinywani mwako. Inanuka karafuu sana."

"Ulitaka inuke udi?"

"Umejipaka leo?"

"Leo, jana, juzi. Kwani wewe ungepaka nini?"

Akamgeukia mwenzake. "Ndiyo maana hakusikia ulipomdonoa. Karafuu imelaza ngozi ya ufizi. Mzizi wa jino uko macho, sindano haijaufikia."

"Mbona mie sikuisikia harufu?" kijana akauliza.

"Utaisikiaje, na koti lako lenyewe linanuka karafuu?"

Ni kweli. Msimu ule kila nyumba ilikuwa imeanika, kila nguo na kila gari vilinuka hivyo hivyo. Sisi wa hapa pua zetu zilishachoka na karafuu zamani. Alihitajika mtu wa kuvuka bahari kuja kuinusa.

Nikarudi kitini. Nikamwambia Muunguja, "Lete hicho kinyaa chako."

"Kile cha ndani?"

"Kile kile. Lakini mpira ufungue mbele ya macho yangu."

Akanisukutulisha kwanza, mara kadha wa kadha, hadi maji yakatoka meupe. Akafungua pakiti mpya, nikaunusa mpira mwenyewe kabla hajauvisha. Kijiti kikaingia hadi nyuma ya magego. Kilikuwa laini, baridi, kinateleza kama mnofu wa pweza mbichi. Nikakaza macho kwenye kioo nisije nikatapika tena. Ndani yangu hamna uzuri wowote: tope la kijivu, kama mikokoni maji yakitoka, na shimo jeusi linadundadunda.

"Huu mshipa wa damu," Muunguja akamwambia kijana, aliyeshika sindano. "Wa fahamu uko jirani yake. Teremsha sindano. Kidogo tena. Simama hapo."

Nikaiona sindano, uzi mweupe, inapenya tope. Dawa ikatoka, ikatanda kama dimbwi jeusi, ikauzunguka mshipa.

"Imefika."

Safari hii hawakuniuliza kitu, walingoja. Midomo ikawa mizito, kidevu kikapotea, nusu ya ulimi ikawa si yangu. Kijana akashika koleo. Nikasikia mlio ndani ya fuvu, kama muhogo mkavu unapovunjwa. Maumivu sikuyasikia. Usaha ukafuata, na bakuli lile nililiona kabla binti yangu hajalifunika. Afadhali asingelifunika upesi vile. Nilitaka kuhakikisha umetoka wote.

Walinipa dawa za kumeza, wakanionya nirudi mbio uvimbe ukiongezeka. Haukuongezeka. Kabla sijaondoka Muunguja akaniomba picha za taya langu zibaki kwao, wafundishie wanafunzi.

"Zichukueni," nikamwambia, na ulimi unaniyumba. "Jina langu msiliandike. Na wa mwanzo kuoneshwa awe huyu wa kwetu."

Kijana akainamisha kichwa. Nilitaka kuongeza neno, lakini mdomo ulikataa kufunga, na mate yenye damu yakanichuruzika hadi kifuani.